Mwenye Shamba Katika Sinema: Je, Tumemjua Karen Blixen?

Katika toleo lililopita mwandishi mwenzetu alitupa orodha ya wanawake ambao, kwa maoni yake, vijana wanaotaka kuanza biashara wawatazame. Orodha yenyewe ni nzuri na sina ugomvi nayo, isipokuwa jina moja: Karen Blixen, yule mama wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Mwenzetu anamwita mwanamke shupavu, mwenye huruma kwa wafanyakazi wake, aliyeangushwa na moto na mkosi. Nilipomuuliza haya kayatoa wapi, alinijibu bila kusita: kwenye sinema. Basi nikaona bora tulizungumze hadharani, maana si lake peke yake. Ukimtaja Karen Blixen kwa watu kumi waliowahi kumsikia, tisa watakuwa wanaiona sura ya Meryl Streep.

Swali langu ni hili. Mtu aliyeishi kweli, akakopa fedha kweli, akaajiri watu kweli na kuwafukuza kweli, je, tunaweza kumpima tabia yake kwa kumtazama mhusika wa filamu? Sisi tunaojifunza uhakiki tumefundishwa namna ya kumpima mhusika: tazama matendo yake, sikiliza maneno yake, sikiliza na wenzake wanamsemaje. Kwa mhusika wa kubuni hapo pametosha, kwa sababu nje ya ukurasa hana maisha. Hana benki wala wadeni. Lakini mwenye shamba wa kweli ana daftari la mishahara, na daftari hilo liko nje ya filamu.

Filamu yenyewe, kwa ambao hawajaiona, inaitwa Out of Africa, ilitoka mwaka 1985, mwongozaji wake ni Sydney Pollack. Inakaribia saa tatu. Ilizoa tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Streep ni Karen, Robert Redford ni mpenzi wake Denys Finch Hatton, na Klaus Maria Brandauer ni Bror, mume. Nilianza kuiona kwenye mkanda wa video uliochakaa, picha inacheza kama maji ya mtaro. Baadaye nimeirudia mara mbili kwenye simu ya mdogo wangu, nikiwa na kalamu mkononi. Sikatai kwamba ni kazi nzuri. Brandauer hasa ni fundi: anamcheza mume mhuni kwa namna ambayo unashindwa kumchukia. Na Redford, bwana wee, kapewa kumcheza Mwingereza wa ukoo wa kilodi, aliyesoma Eton, na kazungumza Kimarekani chake mwanzo hadi mwisho, na watu wakamkubali! Sinema ina ruhusa zake.

Ni hizo ruhusa ninazotaka tuzitazame kwanza. Karen wa kweli alifika Mombasa Januari mwaka 1914, na akaolewa na Bror hapohapo Mombasa. Katika filamu ndoa imehamishiwa Nairobi, kwenye klabu ya Wazungu, nyasi za kijani na vinywaji. Utasema ni kitu kidogo. Mimi mtu wa pwani sikuona kidogo, lakini haya, nakubali, mahali pa harusi hapamwambii mtu tabia ya bibi harusi. Tuliache.

Kubwa ni watu walioondolewa. Katika filamu unamwona mwanamke, mume mtoro, mpenzi anayekuja na kuondoka, na shamba. Unapata picha kwamba Karen alikuwa peke yake na fedha za nyumbani kwao, akapigana na ardhi, na ardhi ikamshinda. Sasa hebu tutazame ilivyokuwa. Shamba lilikuwa kampuni, The Karen Coffee Company, yenye wanahisa huko Denmark, wengi wao ndugu zake. Mwenyekiti alikuwa mjomba wake, Aage Westenholz. Hata hilo jina la kampuni kuna wanaosema si lake, ni la binamu yake, binti wa huyo mjomba. Bror alikuwa meneja wa kuajiriwa, na mwaka 1921 wanahisa walimwondoa, wakampa umeneja Karen. Kaka yake, Thomas Dinesen, aliyepata nishani kubwa ya Uingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, alikuja akakaa naye shambani miaka ya mwanzo ya 1920 na kumsaidia kazi. Katika filamu Thomas hayumo. Mjomba hayumo. Mkutano wa wanahisa haumo.

Kwa nini hili ni kubwa? Kwa sababu mtu wa biashara hapimwi kwa anavyoyatazama machweo ya jua. Anapimwa kwa mambo mawili: anavyozishika fedha za wengine na anavyoitumia jasho la wengine. Ukiondoa wanahisa umeondoa la kwanza. La pili nitalifikia.

Karen aliliendesha shamba lile kuanzia 1921 hadi lilipouzwa mwaka 1931. Ardhi yake ilikuwa kiasi cha ekari 6,000, na kati ya hizo ekari 600 hivi ndizo zilizokuwa na kahawa. Mahali pale ni juu mno, zaidi ya futi 6,000 toka usawa wa bahari, usiku kuna baridi ya kuunguza maua, na mvua ikikosa imekosa. Mwenyewe alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba pale palikuwa juu kupita kiasi kwa kahawa. Barua alizowaandikia ndugu zake, ambazo zilikuja kuchapishwa baada ya kufa kwake, zimejaa habari ya fedha: fedha zinazohitajika, fedha zinazotarajiwa, mavuno yatakayokuja kuokoa kila kitu. Mwaka hadi mwaka. Wanahisa wakichoka, yeye anaomba msimu mmoja tena.

Filamu imelifanyaje jambo hili? Imewasha moto. Usiku mmoja kiwanda cha kahawa kinaungua na mavuno yake, na asubuhi Karen amekwisha. Moto wa kiwanda ulikuwapo kweli, lakini ulitokea miaka ya mwanzo ya 1920, na shamba likaendelea miaka mingi baada yake. Kwa kuusogeza moto ule hadi mwisho wa hadithi, filamu imemsafisha mwenye shamba. Imekuwa kazi ya Mungu. Hakuna wa kuulizwa. Mwandishi wa filamu, Kurt Luedtke, alijua anachofanya: mtazamaji hawezi kulia kwa ajili ya mtu aliyeng'ang'ania hesabu mbovu kwa miaka kumi, lakini kwa aliyeunguliwa atalia hadi leso ilowe.

Nami nasema kung'ang'ania ndiko tabia yake hasa. Huko ndiko kulikomfanya akae pale miaka kumi na saba, kukawakera wajomba, kukaliweka shamba hai pale mtu mwingine angekwisha funga mizigo. Unaweza kuliita jambo hilo ushupavu, na unaweza kuliita ukaidi wa mtu anayecheza kamari kwa fedha za shangazi zake. Mimi naona ni yote mawili. Lakini yeyote anayetaka kuamua lazima aione ile miaka kumi, na filamu imemnyima.

Hapa kwetu, chini ya Usambara Mashariki, jambo la kahawa mahali pasipofaa si hadithi ya kigeni. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kupanda kahawa kule Derema, juu ya milima tunayoiona tukitazama kusini, mwaka 1891. Msitu ulikuwa mnene, majani ya kijani mwaka mzima, wakadhani ardhi ina rutuba isiyoisha. Wakafyeka. Kumbe rutuba yote ilikuwa katika miti yenyewe na majani yanayooza chini yake. Kahawa ikazaa miaka michache, ikadhoofika, na mashamba yale yakaachwa moja baada ya jingine. Baadaye sana ndipo chai ikashika. Mtaji wa mamilioni ya Ulaya ulizikwa pale. Lakini hakuna aliyetengeneza filamu kuhusu mameneja wa Derema, kwa hiyo hakuna anayesema walikuwa mashujaa walioangushwa na mkosi. Tunasema walikosea. Tofauti yao na Karen ni nini, kama si kwamba Karen aliandika kitabu kizuri na Streep akavaa kofia yake?

Sasa nije kwenye jasho.

Ndugu msomaji, ukikulia sehemu zetu hizi za Tanga, hakuna anayehitaji kukufundisha kumhukumu mwenye shamba. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf, miche elfu moja ambayo sitini na miwili tu ndiyo iliyofika hai. Na baada ya mkonge wakaja watu wa kuukata. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliitwa kwa namba yake. Waliletwa toka Kigoma, Songea, Njombe, wengine toka Burundi. Kazi ilipimwa kwa kipande: kadi yenye nafasi za siku thelathini, na ulitakiwa uijaze ndani ya siku arobaini na mbili ndipo ulipwe. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa, nyapara haweki alama, na siku hiyo imekufa.

Nimekaa na wazee waliopitia maisha hayo, na nimewasikia wakiwasema mameneja wa zamani. Hawasemi kwamba fulani alikuwa mpole au mkali, alicheka au hakucheka. Mzee mmoja alinielezea meneja wake mzima kwa mambo matatu: posho ilikuja siku gani ya wiki, mgonjwa aliandikiwa siku au hakuandikiwa, na mtu aliyekatwa vidole kwenye korona alipewa nini. Nikamuuliza, "Babu, lakini mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani?" Akanishangaa. "Si nimekwisha kukwambia?"

Kwa kipimo hiki cha yule mzee, tuitazame tena Out of Africa. Wakikuyu wapo wengi katika filamu. Wanachuma kahawa, wanabeba, wanatabasamu, wanatibiwa vidonda na mama mwenye huruma, watoto wao wanaingia shule. Shule ile na dawa zile ni kweli, zilikuwapo, sizikatai. Lakini hakuna mahali unapoambiwa mchumaji alipata senti ngapi kwa debe. Hakuna mahali unapoambiwa wale watu walikaa pale kwa masharti gani. Walikuwa maskwota, yaani wakazi waliokuwa pale, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapo au baba zao wamezaliwa hapo, ambao walitakiwa kumfanyia kazi mwenye shamba ili waruhusiwe kulima na kufuga. Sheria ya Kenya ya mwaka 1918 iliweka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka wa mtu! Na kuanzia baada ya Vita ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alibeba kipande chake, cha kule Kenya kikiwa ni karatasi ya kutambulishwa iliyotiwa kwenye kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Sikukiona kikopo hicho kikipewa nafasi yoyote katika hadithi ya filamu.

Mtu atasema: sheria hakuitunga Karen. Kweli. Wala simlaumu kwa kuitunga. Nasema tu kwamba huruma ya mtu anayekaa juu ya sheria ya namna hiyo haiwezi kupimwa kama huruma ya jirani kwa jirani. Kumpaka dawa mtu ambaye anadaiwa siku 180 ni jambo jema, na pia ni kutunza mfanyakazi. Filamu imetuonyesha dawa ikaficha siku.

Pana sehemu moja ambapo filamu inakaribia kujiuliza. Karen ana tabia ya kusema wangu: Wakikuyu wangu, shamba langu. Denys anamsuta kwa neno hilo. Ni mazungumzo mazuri kuliko yote humo, na nadhani waandishi waliona aibu ya neno lile wakataka kulitolea udhuru. Lakini tazama nani aliyepewa kulisema: mpenzi Mzungu, mwindaji aliyewapeleka matajiri na hata mwana wa mfalme wa Uingereza kuwinda. Si Farah, ambaye Malick Bowens amemcheza kwa utulivu unaostahili filamu nyingine. Si Kamante. Mwenye kumiliki anasutwa na mwenye kumiliki mwenzake, na anayemilikiwa amesimama pembeni na sinia.

Kamante namtaja kwa sababu. Kamante Gatura alikuwa mtu halisi, aliponywa mguu akiwa mtoto, akawa mpishi wa nyumba ile. Mwaka 1975 kilitoka kitabu cha simulizi zake mwenyewe, kilichokusanywa na Peter Beard. Yaani miaka kumi kabla ya filamu. Waliotengeneza filamu wametaja vyanzo vyao: maandishi ya Karen mwenyewe, kitabu cha Judith Thurman juu ya maisha ya Karen, na kitabu cha Errol Trzebinski juu ya Denys. Mpishi aliyekuwa hai na aliyekwisha kusema, hakuwekwa miongoni mwao. Kama mahakamani, tunamsikiliza mshtakiwa, tunawasikiliza marafiki wa mshtakiwa, kesi imefungwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilisema hili mapema, tena alikwenda kulisemea Denmark kwenyewe, mwaka 1980. Hoja yake ilikuwa kwamba kitabu cha Karen ni cha hatari kwa sababu ya upendo wake: mpishi anapendwa kama anavyopendwa mbwa. Wapo wanaomwona Ngũgĩ amekuwa mkali mno. Mimi naona ukali wake umeelekezwa mahali sahihi kuliko wa wale wanaotafuta matusi katika kitabu kile na wasiyapate. Ila nami nina langu la kuongeza. Ngũgĩ anamhukumu mwandishi, na kwa mwandishi maandishi yake ni ushahidi wa kutosha. Mimi hapa nazungumzia mwajiri, na mwajiri ana ushahidi mwingine.

Lakini kitabu kina kitu kimoja ambacho filamu ilikikimbia. Karen anasimulia kisa cha Kitosh, kijana mfanyakazi wa mlowezi mwingine, aliyepigwa mwaka 1923 kwa sababu alimpanda farasi jike badala ya kumwongoza kwa miguu. Alichapwa, akafungwa, usiku akafa. Mahakamani ikaja hoja ya kitaalamu kwamba marehemu alikufa kwa kuwa alitaka kufa, na mlowezi akapata kifungo cha miaka miwili. Karen anaandika kisa hiki kwa uzuri wa kutisha. Anayo hasira, ukiisoma vizuri utaiona. Kisha anaipaka ile hoja ya kutaka kufa rangi ya ushairi, hata msomaji anamaliza akiistaajabia roho ya Kitosh badala ya kuuliza juu ya kiboko. Kwangu, ukurasa huo unaniambia tabia ya Karen kuliko filamu nzima: jicho linaloona, mkono unaoremba. Filamu ingekuwa na ujasiri wa kuutia ukurasa huo, ningeinyamazia mengine yote.

Badala yake imetupa kupiga magoti. Mnaikumbuka sehemu hiyo. Kila anayeitetea filamu huitaja. Shamba limeuzwa, maskwota watafukuzwa, na Karen mbele ya wageni wote anapiga magoti kwa gavana mpya, Sir Joseph Byrne, aombe ardhi kwa ajili yao. Chumba kizima huwa kimya. Mara ya kwanza nami nilikaa kimya.

Kitabuni hakuna magoti. Kuna miezi ya kuzunguka ofisi: kwa mkuu wa wilaya, idara ya wenyeji, ofisi ya ardhi, kurudi tena kwa mkuu wa wilaya. Kuna kuambiwa njoo kesho. Kuna watu waliotaka wahamishwe pamoja wasitawanywe, na mwanamke aliyelishika neno lao hilo hadi serikali ikatoa sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Hayo ndiyo aliyoyafanya, na kwa maoni yangu ni makubwa kuliko magoti. Goti ni la dakika moja. Kufuata faili miezi kadhaa, wakati mwenyewe umefilisika, mpenzi wako kafa na ndege Voi, na meli inakungoja, hiyo ndiyo tabia, na yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anajua ninachosema. Kwa hiyo, ndugu zangu, siyo kwamba filamu imempendelea tu. Mahali penye sifa yake ya kweli pia imempunja, kwa sababu kufuata faili hakupigiki picha.

Na goti lina kosa lingine: linaifanya ardhi kuwa zawadi. Karen mwenyewe aliona ubaya wa jambo lile na akaliandika wazi, kwamba wale watu kwa sheria ya wakati ule hawakuruhusiwa hata kujinunulia ardhi. Katika filamu sheria hiyo imepotea, limebaki swali la moyo wa gavana.

Niseme kidogo juu ya vita, maana hapa Tanga haiwezekani kuipita. Katika meli iliyomleta Afrika, Karen alifahamiana na ofisa mmoja wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, wakawa marafiki, na akaahidi kumtafutia farasi wa kuzalisha. Miezi kumi baadaye, Novemba 1914, ofisa huyo ndiye aliyewatimua Waingereza na askari wao wa Kihindi katika mapigano ya Tanga. Walowezi wa Nairobi wakamtilia Karen mashaka, wakamwona mpenda Wajerumani. Filamu inamwonyesha akipeleka mizigo ya jeshi na magari ya ng'ombe, ni kweli alifanya kazi hiyo, lakini rafiki yake wa melini hayumo. Mwanamke aliyeshukiwa na wenzake amegeuzwa mwanamke anayestaajabiwa na wenzake.

Kuna watu wengine wa kahawa wa miaka ileile ambao hawana filamu. Kenya, Waafrika walizuiwa kupanda kahawa. Upande wa pili wa mpaka, Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wanaipanda kwenye vihamba vyao katikati ya migomba, na mwaka 1925 wakaunda chama chao, KNPA, kilichofuatwa na KNCU mwaka 1933. Fikirieni hilo. Wakati Karen anawaandikia wajomba kuomba msimu mmoja zaidi, wakulima wasio na mjomba Denmark walikuwa wanauza kahawa. Mwenzetu akitaka mfano wa ujasiri wa biashara ya kahawa, mbona asipande basi la Moshi?

Tena sisi si watu tusiojua kwamba filamu ni jicho la mtu mmoja. Mwaka 2004 ilipotoka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, juu ya sangara wa Mwanza, tuliijua vizuri sana kanuni hiyo. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea, watu wakaandamana Mwanza, kila mmoja akasema filamu imechagua mabaya ikaacha mazuri. Walisema kweli: filamu huchagua. Lakini kanuni hiyo tumeiweka kwa ajili ya filamu inayotutukana tu. Inayombembeleza mwenye shamba tunaipokea kama cheti.

Ndiyo maana sikuweza kulipita jina lile katika orodha ile. Kila siku tunaletewa picha za video za mwekezaji huyu na yule, amevaa buti, ameshika udongo mkononi, anacheka na watoto, muziki wa polepole chini yake. Vijana wa hapa wanazitazama wakisubiri kazi. Picha hizo zimejifunza kwa Out of Africa, hata kama waliozitengeneza hawajui.

Nyumba ya Karen, waliyoipa Kenya serikali ya Denmark wakati wa uhuru, imekuwa makumbusho tangu 1986, mwaka mmoja baada ya filamu. Humo ndani, pamoja na vitu vyake, kuna na baadhi ya vitu vilivyotumiwa katika filamu. Mgeni anavipita vyote kwa tiketi moja. Shamba lenyewe liliuzwa mwaka 1931 kwa mfanyabiashara aliyelikata viwanja, leo ni mtaa wa matajiri. Kutoka hapo hadi Dagoretti ni mwendo mfupi tu. Mwenzetu akipata nauli, na makumbusho aende, sina neno. Lakini akitoka aulize njia ya Dagoretti, atafute wajukuu wa wale maskwota, na awaulize maswali matatu ya yule mzee wa mkonge. Atakayoyapata ayaandike, nasi tuyachapishe.